Vikwembe Vyangu na Mguu wa Ndege

Jumatatu, 28 aprili 2003
Ndege ndogo ya kwenda Beni iko uwanjani, mguu mmoja wa gurudumu unavuja mafuta. Bunia inaungua, na ndege nayo inaumwa mguu. Fundi wake, Fulgence, hata nyundo hajashika, anatazama tu ordinatere, kompyuta yake. Nimemupelekea sombe, majani ya muhogo ya kupika. Mutoto wangu Lydie lazima atoke mbele vita ifike kwetu Mudzipela. Jirani yangu Dorothée amemupelekea kuku. Kuku, wakati huu. Amemutoa wapi?

Jumatano, 30 aprili
Fulgence amenionyesha. Mguu wa ndege umechorwa kwenye kioo cha ordinatere, na bomba lenye mafuta ndani. Ndege ikigusa chini, mafuta ndiyo yanabeba kishindo. Anaitua ndege humo humo ndani ya ordinatere, mara na mara, hakuna anayekufa. Akiongeza kilo, bomba linakuwa jekundu: hapo litapasuka. Jinsi alivyolitengeneza, litabeba watu wachache, bila mizigo. Nimemuomba aniandikie kilo za mutoto, ordinatere haina macho. Akasema ordinatere anaweza kuidanganya, mama, lakini mguu je?
Tumepimwa. Mimi na Lydie tumekubaliwa. Dorothée pia, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 2 mei
Walisema bila mizigo. Hawakusema bila nguo. Nimevaa vikwembe vyangu vyote, vitenge vya kujifunga, kimoja juu ya kingine. Nikiviacha, wezi ndio watavivaa. Sufuria nimeibeba mgongoni kama mutoto.
Mbele ya kupanda wakapima tena. Fulgence akaingiza kilo zangu mpya, bomba likawa jekundu. Nikasema nimenenepa. Dorothée akacheka, akauliza: Mama Lydie, vita inatukondesha siye wote, weye ndiyo inakunenepesha?
Nikaanza kufungua. Vifundo vikakataa. Risasi zikalia karibu, rubani akawasha injini. Wakamupandisha Lydie, mkono wake ndani ya mkono wa Dorothée. Alikuwa analia kwenye dirisha. Mimi nilikuwa bado nafungua.

Jumamosi, 3 mei
Habari za Beni zimefika kwa phonie, ile redio ya kuitana: wametua salama, mguu umekaa. Lydie amekula na kulala kwa Dorothée. Nitamushukuru huyo mwanamuke maisha yangu yote, na inanichoma kama pilipili.
Wanasema ndege itarudi mara moja tu, ya mwisho. Safari hii nimefikiri vizuri. Sufuria nitaiweka tumboni, vikwembe juu yake, nitasema iko mimba. Fulgence ni mwanaume mwenye heshima. Hawezi kuniambia niivue.