Nailoni ya Mahindi

Jumatatu, 12 Januari

Siku kubwa! Tryphosa amepata oda. Miaka mitatu mke wangu amezunguka na beseni la mandazi kichwani kando ya barabara ya Turbo, vumbi la malori likimpiga usoni. Leo Madam Linah, msimamizi wa jikoni katika shule moja ya kibinafsi, amemwambia apeleke mandazi mia moja kila asubuhi kwa chai ya walimu. Ameimba tangu alipoingia nyumbani.

Sharti ni moja. Kuanzia Jumatatu ijayo, kila andazi lifungwe peke yake. Gazeti hataki, wino unaingia kwenye chakula. Plastiki hataki, serikali imekataza.

Nikamwambia Tryphosa atulie, ana mume. Akaacha kuimba. Akauliza kama ni mume yule yule wa mradi wa sungura. Wale sungura walikuwa na shida zao.

Jumanne, 13 Januari

Jibu nimelipata kwenye simu, nikiwa kazini. (Mimi ni karani wa duka la nafaka. Nina muda.) Kumbe kuna watu wanatengeneza nailoni kwa wanga! Wanga, maji, glisirini, siki kidogo. Unapika, unamwaga juu ya kioo, unaacha ikauke, unafungia chakula. Ukiitupa, inaoza shambani kama ganda la ndizi. Na wanga unatoka wapi? Kwenye mahindi! Eldoret hii, mtu atakosa mahindi?

Jioni nimefanya jaribio la kwanza. Unga kilo mbili. Nimefuata kila hatua. Umetoka ugali. Ugali wa siki. Mbwa wa ploti amenusa, akaenda zake.

Jumatano, 14 Januari

Kosa nimelijua. Unga si wanga. Nimeambiwa na jirani yetu Kipyego, mtu wa Sugoi anayefanya kazi maabara huko Chepkoilel. Hakuna aliyemuuliza. Alisimama tu mlangoni na kikombe chake cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao, akaniita Mzee Mabonga, akasema eti unga uko na makapi na mafuta, ati lazima niloweke mahindi, nisage, nichuje, niache wanga ukae chini ya maji. Nikasema nilikuwa najua.

Hakuondoka. Akasema hata nikipata wanga, hiyo kitu inapenda maji sana, ikipata mvuke itarudi kuwa uji. Kama ni yeye, angenunua tu mifuko ya karatasi, ile ya kaki.

Mifuko ya kaki! Mtu amesoma mpaka diploma, na hayo ndiyo maono yake. Ni wivu tu.

Alhamisi, 15 Januari

Nimechuja. Chujio letu la chai lina mashimo makubwa, kwa hivyo nimetumia kitambaa cha kichwa cha Tryphosa, kile cheupe cha akina mama wa kanisa. Kinachuja vizuri ajabu. Wanga umekaa chini ya ndoo, mweupe, laini. Nimeutazama muda mrefu.

Glisirini nimechukua ile ya nyumba nzima ya kujipaka. Chupa yote. Najua upepo huu wa Januari unapasua watu ngozi, lakini sayansi inataka moyo. Kioo nimekitoa kwenye picha yetu ya harusi.

Ijumaa, 16 Januari

Imekubali! Imebanduka polepole, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na unaona upande wa pili! Nimefungia andazi la jana, nikaliweka dirishani kutwa nzima. Halikuharibika hata kidogo.

Nimekimbia nalo kwa Kipyego ili aumie. Akaligeuza geuza, akasema kusema ukweli hiyo ni kazi safi. Nilikuwa karibu kumpenda. Halafu akauliza kama nimejaribu na andazi la moto. Nikamwambia Tryphosa haniruhusu kugusa mandazi ya moto, jambo ambalo ni kweli. Akasema basi nichemshe maji, niishikilie nailoni juu ya mvuke dakika mbili tu.

Nimekataa. Mtu anataka niharibu mali yangu kwa mkono wangu mwenyewe!

Nimeenda kwa Murunga, fundi wa madirisha, akaniazima vioo ishirini. Nimemwahidi kwamba jina lake litajulikana.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani. Tryphosa alivaa kile kitambaa. Wanga ulikuwa umekaukia ndani, kwa hivyo kilisimama wima kichwani na hakikupinda hata alipoinama kuomba. Akina mama watatu walimuuliza anapeleka nguo kwa dobi gani. Akaniangalia. Mikono yetu imepasuka yote kwa kukosa glisirini. Niliposalimia watu, walirudisha mikono yao haraka.

Lakini karatasi mia moja na nne za nailoni ziko tayari! Jioni tumezikata pamoja mezani. Tryphosa aliinua moja kwenye taa, akacheka, akasema huenda ameolewa na mtu wa maana. Nimefurahi mpaka chakula kimenishinda.

Jumatatu, 19 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri mandazi yalitoka kwenye mafuta yakiwa moto kabisa. Tryphosa akauliza kama tungoje yapoe. Nikasema walimu wanapenda moto, tufunge. Tukafunga yote mia. Tukayapanga kwenye beseni, tukayafunika na blanketi yasipoe njiani. Blanketi pia lilikuwa wazo langu.

Saa nne, kule shuleni, Madam Linah akafunua. Karatasi hazikuwepo. Hata mandazi mia hayakuwepo. Lilikuwepo andazi moja, la ukubwa wa beseni, linang'aa. Mwalimu wa hesabu alijaribu kuligawanya kwa kisu, na kisu kikabaki humo. Mwalimu mwingine, mzee kidogo, alilamba vidole akasema lina utamu fulani. Madam Linah hakulamba. Alisema kesho aone mandazi yaliyofungwa kama ya watu, la sivyo asimwone Tryphosa tena.

Tryphosa hajanigombeza. Amekaa kwenye stuli analitazama beseni. Afadhali angenigombeza. Nimeona aibu, aibu ya kweli, na nimeogopa kwamba atarudi kule kwa malori kwa sababu yangu.

Jumanne, 20 Januari

Kumbe jana jioni Tryphosa alienda kwa Kipyego bila kuniambia. Leo asubuhi Kipyego alikuja na bunda la mifuko ya kaki, akamsaidia kufunga kabla ya kwenda kazini. Oda imepona! Madam Linah amesema mifuko ni mizuri na inanyonya mafuta. Tryphosa amerudi akiimba.

Nimemshukuru Kipyego. Niliyasema maneno hayo nikiangalia viatu vyake. Akajibu hakuna neno, Mzee. Halafu akaongeza eti si alinionya juu ya mvuke. Aliongeza mara mbili.

Ijumaa, 23 Januari

Nimetulia. Nimemrudishia Murunga vioo vyake. Nimenunua glisirini mpya, chupa mbili. Tryphosa amenisifu kwa kukubali makosa.

Na ni kweli nimekubali. Nimefikiria jambo hili kutoka kila upande, nikiwa kazini, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye mandazi. Mandazi yana joto, yana mafuta, hayana nidhamu. Nailoni yangu haikuwa na kosa lolote.

Jumapili, 25 Januari

Leo mzee wa kanisa ametangaza kwamba mwezi ujao askofu anatutembelea. Watakuja watu mia nne, na vikombe havitoshi.

Nikasimama. Nimeahidi vikombe mia nne vya wanga wa mahindi. Mtu anakunywa, anatupa, kikombe kinaoza, hakuna kuosha! Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji alinishika mkono. Tryphosa alifunika uso kwa viganja vyote viwili, nadhani alikuwa anaomba.

Habari imemfikia Kipyego kabla sijavua koti. Amekuja mlangoni, akauliza askofu atakunywa nini. Nikamjibu chai, bila shaka, askofu atapewa maji kweli? Akauliza kama nitajaribu kwanza kikombe kimoja na chai ya moto.

Nimemwambia hakuna haja. Safari hii navifanya vinene.