Robo ya Sinia

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki. Muuguzi, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, kanichorea sahani kwenye karatasi. Nusu mboga za majani. Robo maharagwe, samaki au yai. Robo iliyobaki, wali. Robo! Nikamwambia kwangu mimi wali ndio nyumba, mboga ni uzio tu. Akacheka, kisha akakaza uso: nirudi Jumatatu, na sukari isiposhuka, wali niusahau kabisa. Mke wangu akatikisa kichwa kukubali, utadhani yeye ndiye daktari. Kuanzia leo namwita Waziri wa Sufuria.

Jioni Waziri kanipakulia kwa mchoro. Mwenyewe kala jikoni, amesimama, mlango kaurudishia. Eti nisije nikaona sahani yake nikatamani. Tumekula meza moja tangu meno yetu yote yapo! Nimetafuna kabichi huku nikitazama kiti kitupu. Kabichi haina maongezi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Mimi seremala. Mstaafu, ndiyo, ila akili bado ina makali. Robo ya muuguzi ina urefu na upana. Kimo hakukitaja! Waziri kageuka kuchukua maji, mimi nikajenga wali kwenda juu, nikaushindilia kwa kijiko, kuta wima kabisa. Ghorofa safi. Nilipochota msingi tu, ghorofa lote mapajani. Waziri akauliza ramani ile ilipitishwa na nani. Akafagia, akarudi zake jikoni.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi cherehani wa jirani kapita kunisimanga. Kauliza mzee sungura wetu hajambo? Kesho ataniletea karoti. Shenzi. Nimemwacha abwabwaje, kichwa changu kilikuwa kazini. Robo ya sahani, sawa. Sahani ipi? Hakusema!

Nikashusha sinia juu ya kabati, lile tunalotoa kukiwa na wageni wengi. Nikaligawa kwa rula na penseli ya sikioni. Robo yake ni kilima! Waziri kalitazama weee, kisha akasema haya, mzee wangu, mchoro ni mchoro.

Likaja. Nusu sinia ya mchicha! Ng'ombe angeomba msaada. Robo ya maharagwe, samaki kalala juu yake. Hesabu hiyo sikuipiga. Nikalalamika kwamba peke yangu siwezi. Akauliza kwani nani kasema nile peke yangu. Akanawa mikono, akavuta kiti chake.

Ndipo nikaona anavyoukimbilia wali. Kumbe tangu Jumatatu hajaugusa! Kule jikoni alikuwa anakula mboga tupu. Kasema wali ulikataa kushuka kooni, akifikiria mimi niko huku na kabichi. Nikajifanya nimepaliwa na mwiba wa samaki. Macho yakatoa machozi. Ni mwiba.

Jumamosi, 9 Machi
Sinia tena. Mke wangu ana mkono mwepesi, jamani! Nikifika kwenye wali, yeye ameshapita. Tena ananipumbaza kwa umbea: jinsi fundi cherehani alivyojishonea shati na mikono yote miwili ikawa ya kushoto. Nikicheka, ananisogezea mchicha. Nikizinduka, mchicha umekwisha. Nimeibiwa mchana kweupe, na nimeshiba.

Jumatatu, 11 Machi
Sukari imeshuka! Wali umebaki! Muuguzi kauliza nimefanyaje. Nikamwambia: sinia, mwanangu. Waziri akageukia dirishani, mabega yanacheka. Muuguzi akasema niendelee hivyo hivyo. Ameruhusu kwa kinywa chake!

Sasa basi. Kama robo ya sinia imeshusha sukari, sinia kubwa zaidi litaishusha zaidi. Mtoto mdogo anaona hilo. Nimetoa randa, nimeanza sinia la mbao, upana wa meza nzima. Waziri kauliza litapitaje mlangoni. Nikamjibu tutakula uani. Akaenda kuanika mito ya viti.

Hajui hila yenyewe: nimepima, akikaa upande wa mchicha, mkono wake hautaufikia wali wangu hata ajinyooshe vipi. Nikakaa kujaribu, yeye kule, mimi huku. Akaanza umbea wa fundi. Sikusikia kitu. Mbali mno.

Nimeukata ubao, tumekaribiana. Si neno. Wali nitaufidia kwa kimo.