Kwaya ya Walioanguka Hesabu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule katuita ofisini. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Atawapa kidato cha pili mtihani mfupi wa kila somo, kisha atachambua matokeo kwa makundi: wasichana, wavulana, wanaokaa jirani, wanaotoka mbali. Hesabu nafundisha mimi. Msimamizi wa taaluma pia ni mimi. Na kiti cha makamu mkuu ki wazi. Mama mkuu kasema hatapendekeza mtu mpaka Ijumaa ipite. Akaniangalia mimi, kisha akamwangalia Ramani, mwalimu wa jiografia, tuliyembandika jina hilo kwa sababu haendi popote bila ramani kwapani, hata msalani. Ramani akatabasamu. Sina raha.

Nimepitia alama za muhula uliopita. Aibu tupu. Wanaokaa jirani wanajikongoja. Wanaotoka kwenye machimbo ya kokoto, kule ng'ambo ya bonde, wako chini kabisa. Wanatembea tangu alfajiri, wanafika hoi, wanasinzia kipindi cha kwanza, ambacho ni changu. Ratiba naipanga mimi. Napenda kumaliza mapema.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo nikipiga mswaki. Mgeni lazima apokelewe. Apokelewe na nani? Na kwaya. Na mtu aliye kwenye kwaya hawezi kuwa kwenye mtihani. Shule haina kwaya, lakini hilo ni jambo dogo.

Nimeteua waimbaji kwa kufuata alama za hesabu, nikianzia chini. Habari za sauti sikuuliza. Mama mkuu kanisifu, eti hakujua nina moyo wa sanaa.

Tatizo moja. Binti yangu yuko kidato cha pili, na kwa alama zake alistahili kuwa kiongozi wa kwaya. Nimemruka. Watu watasemaje, mtoto wa mwalimu wa hesabu? Nitampiga msasa nyumbani kabla ya Ijumaa. Mama watoto kauliza miaka yote hii nilikuwa wapi. Nimejifanya sijasikia.

Jumatano, 5 Machi

Ramani kanishtukia. Hakunisema kwa mama mkuu. Kafanya ubaya zaidi: kaniletea waimbaji wake. Wote hawajui kaskazini ni wapi. Kumbe miongoni mwao wamo wale wasichana watatu wanaonibeba mimi kwenye hesabu! Nikamwambia hawa hawana sauti. Akasema na wangu hawana. Tukanywa chai, kila mmoja akitazama kikombe chake. Wasichana wamebaki kwenye kwaya.

Jioni nimemfundisha binti yangu sehemu. Nikakata chungwa vipande vinne, nikamuuliza nikiondoa robo inabaki nini. Akala robo, akasema inabaki njaa. Nikapandisha sauti. Akaniuliza, kwa upole tu, mbona kwaya karibu yote ni watoto wa machimboni. Nikamjibu watu wa kule wana vifua vipana. Akaniangalia mpaka nikahamishia macho kwenye chungwa. Rafiki yake wa dawati moja anatoka kule.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Bawabu kaja mbio akidhani kuna mtu kaumia. Binti yangu kapita bila kunisalimia. Nikajiambia ana mawazo ya mtihani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku hii ingefutwa kwenye kalenda ningeshukuru.

Mkaguzi kafika. Mama mpole, miwani imeteremka puani. Nikamkaribisha darasani, walipobaki wachache wanaojiweza, na madawati matupu tele. Nikamwambia wengine wana kazi ya sanaa. Hapo nikaona dawati la binti yangu nalo ni tupu. Nikachungulia dirishani. Yuko mstari wa mbele wa kwaya, kamshika rafiki yake mkono, kaachama mdomo wote.

Mkaguzi naye kachungulia. Akatoka kuwapongeza, akamuuliza wa karibu wanakwaya walichaguliwaje. Wa karibu ni nani? Mwanangu. Akamwamkia kwa heshima, akaeleza kwamba hii ni kwaya ya walioanguka. Akaongeza kwamba yeye alisahauliwa kwa bahati mbaya, kwa hiyo kajileta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

Mkaguzi akaangalia viatu. Karibu vyote vina vumbi jeupe la kokoto. Akauliza kipindi cha kwanza ni somo gani. Wakajibu kwa pamoja, mara ya kwanza wiki nzima kwaya kuimba kwa mpangilio. Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kusogeza hesabu baada ya mapumziko. Nikasema ratiba ni ngumu mno. Mama mkuu akasema anayeipanga ni mimi.

Mtihani wakafanya wote, wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Wengi wameanguka. Mwanangu pia.

Jumamosi, 8 Machi

Binti yangu kakaa uani anasafisha viatu. Nimekwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri kabisa. Nilipofika nikamuuliza kama mkaguzi alijua kuwa yeye ni mwanangu. Akasema aliulizwa, akajibu hapana, ili nisiaibike. Nimerudi ndani. Mama watoto kasikia yote. Kaenda uani kumsaidia binti yetu viatu.

Jumatano, 12 Machi

Umakamu umekwenda kwa mwalimu wa historia, ambaye hakuutaka. Hesabu imehamia baada ya mapumziko. Leo watoto wa machimboni wako macho, na mmoja kanisahihisha ubaoni. Binti yangu kapata swali moja, kacheka peke yake. Moyo wangu ulilainika, nikaona haya, nikaapa kuachana na ujanja.

Alhamisi, 13 Machi

Mkaguzi anarudi mwisho wa mwezi. Mwalimu wa historia amechoka tayari, anataka kujiuzulu. Swali moja ubaoni si kufaulu. Nimewaza bila kutaka kuwaza. Skauti. Skauti hupiga kambi porini wiki nzima, na porini hakuna mkaguzi.

Sikumwambia mtu. Nilimuuliza tu mama watoto, mezani, kama nyumbani tuna turubai. Binti yangu akaweka kijiko chini, akaniuliza safari hii ajiandikishe mwenyewe mapema au asubiri nimsahau tena.

Nimemwambia nafasi ya kiranja wa skauti bado iko wazi.