Bahasha ya Shemeji Avit

Jumatatu, 10 Novemba
Tangazo limebandikwa. Njia ya Nshambya hadi Kibeta inapewa mwenye gari mmoja tu, miaka miwili! Na mimi nina Hiace moja tu duniani. Nikikosa njia, baba mkwe wangu, mzee Rwegasira, ameshasema jembe langu liko tayari shambani kwake Kimwani. Amelitia hadi mpini.

Jumatano, 12 Novemba
Semina ya zabuni. Bi Joviana, afisa wa usafiri, ameeleza: kila mmoja ataandika nauli yake, atie kwenye bahasha. Mwenye nauli ndogo anashinda, lakini atatoza ile ya anayemfuata. Kwa hiyo tuandike nauli ya kweli tu, ujanja hauna faida. Ukweli! Kwenye zabuni! Nauli yangu ya kweli ni mia sita, chini ya hapo hata dizeli sipati.
Lakini akili ni nywele. Naandika mia tano, nashinda. Wa pili anakuwa shemeji Avit, ataandika elfu moja. Natoza elfu!

Ijumaa, 14 Novemba
Avit amekubali kwa ndoo moja ya senene wa kukaanga. Noah yake iko juu ya matofali mgombani tangu mwaka juzi, ila kadi ya gari anayo, na zabuni inadai kadi tu. Mke wangu Verdiana akaniangalia, akauliza swali moja tu.
“Na Onesphory je?”
Onesphory, mwenye gari jingine la njia hii! Nilikuwa nimemsahau.

Jumapili, 16 Novemba
Nimemvizia Onesphory baada ya misa. Nikamdanganya, kwa upendo, kwamba mshindi atabeba wanafunzi bure na kuosha stendi kila Jumamosi. Akasikitika. Akanishukuru kama ndugu, akasema zabuni ananiachia. Lakini mbona alitabasamu?
Nimefuta mia tano, nimeandika mia nne. Baada ya chai, mia tatu. Inanidhuru nini? Si natoza ya Avit!

Jumanne, 18 Novemba
Bahasha zimefunguliwa mbele ya watu. Mimi mia tatu. Avit elfu. Nikaanza kupumua. Bi Joviana akaendelea: Jovita, dada yake Onesphory, elfu na mia mbili. Jovita ana gari tangu lini? Halafu Onesphory mwenyewe: mia tatu na hamsini.
Waitu, jamani! Mwizi yule alikuwa na hesabu ileile yangu.
Nimeshinda. Natoza mia tatu na hamsini, miaka miwili. Onesphory alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Wake mkavu, wangu unachuruzika jasho.

Jumatatu, 1 Desemba
Siku ya kwanza. Gari limejaa tangu asubuhi. Waliozoea kutembea wote sasa wanapanda, na kila anayepanda ananisogeza Kimwani. Kiti cha mbele amekaa Onesphory. Ameegesha gari lake, anasema kwa nauli hii ni ujinga kuchoma mafuta yake. Amenisifu kwa abiria wote.
Mzee Rwegasira amepiga simu. Anauliza nafika lini.

Alhamisi, 4 Desemba
Njia ya Bukoba hadi Muleba nayo inatangazwa! Nimekaa, nimetafakari, kosa langu nimeliona: mia tatu ilikuwa kubwa mno, ndiyo maana Onesphory alipata ujasiri. Safari hii naandika hamsini. Bahasha ya pili naipeleka mwenyewe Kimwani, mzee Rwegasira ana kadi ya trekta.