Bahari Iliyopanda Mlima

Jumamosi, 8 Februari 2025

Yatangazwa rasmi, kwa wakazi wote wa kisiwa cha Koyama na ndugu zao walioko Kismayo, Mombasa na Ulaya, kwamba leo baada ya adhuhuri kiputo kilichomo ndani ya pimamaji yangu mpya kimekimbilia upande mmoja na kukataa katakata kurudi katikati. Nimeilaza pimamaji huku. Nimeilaza kule. Nimeigeuza kichwa chini. Wapi! Kiwanja cha mama kinateremka kuelekea baharini kana kwamba kina miadi huko.

Fundi Mahdi amekitazama, akakuna ndevu, akasema nyumba itajengeka, ila itataka ngazi. Nikamwambia hakuna ngazi. Mama ana magoti mabovu. Anataka chumba, baraza na paa, basi. Alitoka hapa mwaka wa vita akiwa amenishika mkono, mimi sijang'oa hata jino la kwanza, na tangu hapo ni kambini, kisha nyumba za kupanga Mombasa. Sasa nina mvi, naye hajawahi kulala tena kwenye kiwanja cha babake. Amesema siku paa likifika juu, atapanda boti, mradi upepo wa kusi haujachafua bahari. Ya mwakani, anasema, ni ya wenye umri wa kufika mwakani.

Dada yangu Thuraya, anayekaa naye, ameniapia: mama akija akakuta ni maneno yangu matupu, atamrudisha na hatamtoa tena.

Kwa hiyo kiwanja kitanyooka. Kitake kisitake.

Jumatatu, 10 Februari

Mtandao wa simu Koyama unapatikana sehemu moja tu ya maana: barazani kwa Nassoro. Huyu ni mtoto wa mjomba wangu. Nyumba yake iko juu ya mteremko, juu yangu, na hata akikaa kimya unasikia kwamba iko juu. Ndiye aliyenibandika jina la Bwana Mfereji, kwa sababu siku niliyofika niliuliza mfereji wa maji uko wapi. Kisiwa kizima kilicheka. Kumbe hakuna.

Leo amenipa chai na ushauri. Chai ilikuwa nzuri. Kiwanjani kwangu kuna sakafu pana ya chokaa iliyofuata mteremko, na mwisho wake shimo kubwa ambalo unaweza kumzika ngamia akiwa amesimama. Fundi wa babu, maskini, hakuwa na pimamaji. Nassoro anasema si upotofu, ni jabia: mvua yaanguka kwenye sakafu, yateremka, yaingia shimoni, na watu wanywa mpaka mvua nyingine. Anasema nijenge pembeni, nisiguse hata jiwe.

Pembeni ni kwenye miamba na miiba. Nimemwelewa vizuri sana. Yeye ana jabia lake, na mbuzi wake wanatamani la pili.

Tena jabia lenyewe limepasuka na ni kavu. Mimi nimeagiza tangi la plastiki kutoka Kismayo. Jeusi, lenye mfuniko. Hii ni karne nyingine.

Alhamisi, 13 Februari

Ushindi! Nimekuwa na matatizo mawili, kilima na shimo, na nimeyaozesha, moja kwa jingine. Tumevunja ile sakafu kwa nyundo na vifusi vyote tumevitupa shimoni. Kilima kimepungua, shimo limejaa. Sijui kwa nini watu husomea uhandisi miaka yote ile.

Mahdi alifanya kazi polepole kama anayechimba kaburi la jirani. Mwisho akaniambia, "Bwana Aboud, amri ni yako. Mimi ni mkono tu." Rukia, mke wa Nassoro, alisimama juu kule ameshika shavu mpaka alasiri. Wivu huo una kazi.

Kiputo kimekaa katikati. Nimekitazama kwa muda mrefu. Kimetulia kama mtoto aliyeshiba.

Jumatano, 19 Februari

Mama ametaka picha. Chumba chake kitakaa palepale penye shimo lililojazwa, ndipo palipo sawa. Lakini upande wa baraza bado unateremka. Ningemtumia vile ulivyo, Thuraya angeuona kwanza. Basi nikainamisha simu kidogo. Kiwanja kikanyooka kama meza! Nikapanda kwa Nassoro, nikatuma.

Jibu limekuja kwa sauti, na simu yangu ina spika kali, kwa hiyo limekuja kwa wote waliokuwa barazani. "Mwanangu Aboud, kiwanja kimekaa vizuri mashallah. Lakini mbona bahari yapanda mlima?"

Nassoro alipaliwa na chai. Rukia ikabidi ampige mgongoni.

Ikafuata sauti nyingine. "Na jabia, mwanangu? Li hai?" Nikamjibu haraka kwamba lipo, na limefunikwa vizuri. Sikudanganya. Sidhani kama kuna jabia lililofunikwa vizuri zaidi kutoka hapa mpaka Ras Kamboni.

Nassoro hakucheka safari hii. Alinijazia kikombe tu. Sikuipenda ile chai.

Jumanne, 11 Machi

Nimefunga, nina kiu, na tangi limepotea. Mabaharia walilifunga kwa kamba nyuma ya boti kwa kuwa ndani hamkuwa na nafasi. Kamba ikakatika, kaskazi ikalichukua, likatua kisiwani Chovai. Nimetuma mtu. Amerudi na majibu kwamba mama mmoja amelilaza tangi ubavuni na kuweka kuku wake ndani, kwamba bahari ndiyo iliyompa, na kwamba kuku wameshaatamia, kwa hiyo nisubiri kwa adabu.

Maji ya kupikia futari na ya kukorogea saruji nachota kwa Nassoro. Anachoniudhi ni kwamba hanidai kitu. Ananisaidia hata kutwika dumu.

Alhamisi, 3 Aprili

Paa limefika juu! Mabati, yanang'aa mpaka mbuzi wanafumba macho. Nimempigia mama kutoka barazani. Akaanza kuwataja waliokufa, mmoja mmoja, kama anayewaarifu kwamba anarudi. Thuraya akachukua simu, akauliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Nikasema mtandao unakatika.

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama amefika, akiwa na Thuraya, kwa njia ya Kiunga. Vijana wamembeba kutoka kwenye boti mpaka mchangani. Amekuja na kata yake ya kifuu, ile ya kuchotea maji, iliyokuwa imefungwa ndani ya kanga tangu tulipokimbia. Ameiona nyumba. Amefurahi sana. Amecheka. Mambo yote yamekwenda vizuri na sina zaidi la kuandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Kubwa. Nitaandika baadaye.

Jumapili, 20 Aprili

Mama ameondoka leo asubuhi. Hakuna atakayesoma daftari hili, kwa hiyo nitaandika ilivyokuwa.

Siku ile ya Jumatatu mama hakuangalia paa. Alisimama uani na kata yake mkononi, akauliza jabia liko wapi. Nikamwambia liko chini ya kitanda chake. Hapo ndipo alipocheka. Alidhani namtania. Alipoona sicheki, alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya mfuko wa saruji.

Alisema alikuwa msichana wakati babake analijenga. Yeye na kaka yake, babake Nassoro, ndio waliobeba chokaa kichwani kutoka kwenye tanuri la ufukweni, na wanawake wa mtaa mzima waliiponda ile sakafu kwa vijiti siku nzima wakiimba, mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Mimi niliivunja kabla ya alasiri na nikajisifu humu. Nimerudi kurasa za nyuma, nimesoma. Nimejisifu kweli.

Hata hivyo alikubali kulala ndani. Alisema nyumba ni ya mwanawe.

Mvua ya Alhamisi ilianza baada ya alasiri, mimi, mama na Thuraya tukiwa kwenye baraza letu jipya. Maji yalishuka mteremko kama yalivyozoea tangu enzi za babu, yakafika kwenye chumba cha mama, yakatafuta njia ya kwenda shimoni. Hayakupiga hodi. Vifusi vilizama, sakafu ikabonyea katikati, ukuta wa chini ukapasuka pembe hadi pembe na paa likainama upande mmoja. Nassoro alishuka mbio, akambeba mama mgongoni, akamtoa. Mimi nilitoka na pimamaji. Sijui kwa nini.

Siku zilizobaki alikaa kwa Nassoro. Kila asubuhi Rukia alimpa maji ya jabia lao, naye akayanywa polepole kwa kata yake. Nilimwambia nitajenga tena, safari hii kwa nguzo za zege. Akanishika mkono kama alivyonishika siku ile tunakimbia. "Sikufuata nyumba, Aboud," akasema. "Nyumba hata Mombasa zipo. Nilifuata maji yangu."

Thuraya hakunigombeza. Alikunja nguo za mama bila kuniangalia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walipopanda boti nikaona mama hana kitu mkononi. Kata imebaki. Imetundikwa jikoni kwa Rukia.

Basi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimepita sasa hivi kuangalia hasara. Maji bado yamo chumbani, yananifika kwenye muundi wa mguu, matulivu, na hayaendi popote. Mahdi aliingiza kidole, akaonja, akasema pole bwana, umejenga jabia lenye mlango na dirisha.

Alikuwa anatania. Lakini nimesimama pale kizingitini nikaanza kufikiri. Maji ni ya mvua. Yamo kiwanjani kwa babu. Yakipigwa picha kutoka kwenye pembe hii, nani atajua? Mama atafurahi, huenda akarudi kabla kusi haijashika.

Nitainamisha simu kidogo, mlango usionekane. Na bahari safari hii nitaiziba kwa kidole.