Ombi la Sheria ya Kuwapunguza Wasindikizaji

Kwa Jairus Walubengo,
nyuma ya kiwanda cha pamba,
Malakisi.
Oktoba, 1949.

Kwa Bwana Karani wa Baraza la Wenyeji,
Bungoma.

Bwana Karani mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi pia ni mzima, isipokuwa magoti. Jina langu ni Eliakim Wabwile, mzaliwa wa hapa Malakisi, mwandishi wa stoo ya mahindi huko Kitale, mkazi wa mtaa wa Kibomet huko huko, pamoja na mke wangu Sellah. Niliondoka hapa nikiwa kijana, na mwezi uliopita nimerudi na mvi zangu kuwaona ndugu.

Nilikuja kwa miguu kutoka Kitale, kupitia Kimilili na Chwele, kwa hiari yangu mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kujua kama miguu bado inaikumbuka njia. Bajeti yangu ilikuwa nyepesi: kwenda, miguu, kurudi, treni daraja la tatu kutoka Bungoma. Najua treni hiyo humzungusha mtu upande wa Eldoret kabla ya kumfikisha Kitale, lakini magoti hayajali kuzungushwa mradi yamekaa. Nauli niliifunga kwenye kitambaa, na kitambaa nikakishonea ndani ya koti. Bwana mwenye stoo alinieleza waziwazi kwamba mahindi mapya yakianza kupokelewa mapema Novemba nami sipo mlangoni, kazi na nyumba yangu atampa mwingine.

Bwana Karani, hii ni wiki ya tatu najaribu kuondoka. Kinachonizuia si mafuriko wala maradhi. Ninazuiwa na kusindikizwa. Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Wewe ni mtu wa hapa, unaijua desturi yetu: mgeni haachwi aondoke peke yake, watu wasije wakadhani amefukuzwa. Desturi siipingi. Napinga idadi. Mara ya kwanza nilitoka na ndugu yangu Jairus na mkewe Agneta tu. Kila boma tulilolipita liliongeza watu wake, na tulipofika mtoni mwendesha baiskeli mmoja alivua kofia akauliza ni nani aliyefariki. Nami, kama ujuavyo, anayesindikizwa hawezi kuwaacha wasindikizaji warudi na midomo mikavu. Kwenye maduka nikanunua chai na mandazi, sukari kwa kina mama, tumbaku kwa wazee. Koti ilibidi lifumuliwe. Kufikia jua la utosi nilikuwa nimesindikizwa vizuri sana, na nauli sina. Tukarudi nyumbani sote pamoja, kina mama wakiimba. Agneta hakushangaa hata kidogo. “Si nilijua utarudi, shemeji,” akasema. “Maharagwe nimeacha kwa moto.”

2. Kila nyumba niliyoitembelea ilinipa kuku. Nikaona busara kuwapeleka watatu sokoni ili nauli ifufuke. Mama wa kwanza aliyesimama mbele yangu alikuwa shangazi yake Agneta, yaani yule yule aliyenizawadia jogoo mwenye upanga wa kichwani uliopinda. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi. “Mzee, huyu si ni jogoo yangu? Ama amekutoroka?” Mimi, mtu niliyesoma, nikajibu kwamba ndiyo, amenitoroka, na nashukuru tumempata. Mama huyo akamfunga jogoo miguu kwa kamba imara zaidi, akaniongezea tetea ili asiwe na upweke wa kumtorosha tena, kisha akanisindikiza hadi mlangoni kwa Jairus. Niliingia sokoni na kuku watatu, nikatoka na wanne, bila senti.

3. Jairus akauza mbuzi, akanipa nauli nyingine. Safari hii sikuaga mtu ila yeye, nikatoka umande ukiwa bado majanini. Mtoni nikamkuta Bramwel ameketi juu ya jiwe akiningoja, na fimbo yake magotini. Bramwel ni bakoki wangu. Tuliingia jandoni msimu mmoja, na mtu wa namna hiyo humkatalii kitu. Akaniuliza, “Bakoki, unataka watu waseme umetoka hapa kama mwizi wa ng’ombe?” Basi tukaenda wote, ingawa mguu wake mmoja ni mbovu tangu vita vile vya kwanza. Kufika adhuhuri mguu umevimba kama kibuyu. Mtu hamwachi bakoki wake achechemee peke yake njia nzima, kwa hiyo nikageuka nikamsindikiza. Tulipofika kwake, giza linakaribia, akasema si vizuri mimi nirudi kwa Jairus peke yangu, akainua fimbo akanisindikiza. Kwa Jairus nikaona si vizuri yeye arudi peke yake. Tulikuwa katika kuvuka shamba la mihogo kwa mara ya nne Agneta alipotoka na taa akatutenganisha kama mafahali.

4. Sellah amepata habari hizi, na dereva wa lori la mahindi ameniletea jibu lake neno kwa neno: “Mwulize kama amekufa. Kama amekufa aseme, nigawe nguo.”

Kwa sababu hizo naliomba Baraza litunge sheria ndogo. Kusindikiza kuishie kwenye ua wa boma. Atakayevuka ua abebe chai yake mwenyewe kwenye chupa. Atakayevuka mto ahesabiwe kuwa msafiri, na aende hadi Kitale kwa nauli yake.

Kama Baraza litaona hayo ni makali, nina njia nyingine. Mgeni aliyekuja kwa miguu huwa na fedha zake zote siku anayofika. Basi asindikizwe siku hiyo hiyo, kabla hajaketi. Watu wanywe chai yake, walie, waimbe, desturi iwe imetimizwa. Kisha aingie ndani akae kwa amani hadi siku ya kuondoka, ambapo hapana atakayemjali. Na kama hata hilo haliwezekani, Baraza liajiri msindikizaji mmoja wa lokesheni nzima, mwenye kofia na mshahara, atakayepunga mkono kwa niaba ya koo zote.

Nayasema haya kwa uzoefu. Kitale hatuna taabu hizi. Mtu wa Kibomet akihama leo, chumba chake hupata mpangaji kabla kitanda hakijapoa, na jirani huuliza jina la aliyehama baada ya wiki. Huo ndio utaratibu. Hata mimi, siku nilipotoka hapa Malakisi ujanani, lori la waandikishaji wa vibarua lilituchukua kabla watu hawajaamka. Hakuna aliyenisindikiza hata hatua moja, nami nilifika Kitale na kila senti yangu mfukoni. Ni kweli kwamba sikurudi kwa miaka ishirini na minane, lakini hilo ni jambo jingine.

Nasubiri jibu lako kwa heshima. Uwasalimie wazee wa Baraza mmoja mmoja, mama watoto, na yeyote hapo ofisini anayetoka upande wetu. Jairus na Agneta wanakusalimu. Bramwel anakusalimu pia, ila hajui ninachokuandikia.

Ni mimi, mwenye kuondoka,

Eliakim Wabwile

Nyongeza. Naandika haya katika stesheni ya Bungoma, barua ikiwa bado mfukoni. Niliona ni haki nianze kuijaribu sheria mwenyewe, nikawasomea watu wa nyumbani. Wakaitii. Leo asubuhi Jairus hakuinuka kwenye kigoda chake. Agneta aliniaga akiwa jikoni, bila kufuta mikono. Kwa Bramwel niliona kofia tu, juu ya ua, haikusogea. Nimefika hapa na nauli kamili na nimekata tikiti. Treni ilipokuja, kila dirisha lilikuwa na mtu anayempungia mtu. Nilipata kiti kizuri cha dirishani, nikatazama nje, na hapakuwa na wa kutazamwa. Nikashuka.

Mkata tikiti amekubali niitumie hii hii Ijumaa, nami nitafika Kitale kabla stoo haijafunguliwa, mradi watu walie upesi upesi. Tikiti haigeuki chai, kwa hiyo safari hii bajeti iko salama. Sasa hivi natafuta lori la kunirudisha Malakisi. Kama sheria imekwisha kupigwa mhuri, tafadhali ianze na wageni wa Kimilili. Na wewe, Bwana Karani, kama huna kazi nyingi siku hiyo, ungana nasi pale madukani. Nimebakiwa na shilingi mbili. Mandazi yako nitalipa mimi.