Mimi, Perege na Mtani Wangu Filemoni

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Ngombezi.

Habari kubwa! Abdi, karani wa Bwana Samaki, yule Mzungu wa serikali anayesimamia mabwawa, amepita asubuhi na baiskeli akitangaza. Jumamosi ya tarehe 15 Bwana Samaki mwenyewe anakuja. Mabwawa mawili ya kwanza ya kijiji, langu na la Filemoni, yatakaushwa mbele ya watu na perege watapimwa kwenye mizani. Atakayeshinda atakuwa mlinzi wa vifaranga wa samaki. Bwawa lake litakuwa la mbegu, na kila aliyechimba shimo kando ya mfereji atapata samaki wa kuanzia kutoka kwake. Bi Mwatumu, mjane jirani yangu, amechimba tangu Mei. Shimo lake lina maji na vyura tu, linangoja.

Nimepokea habari kwa utulivu. Moyoni nimekwisha kuwa mlinzi.

Kuna jambo jingine. Bernadina, mke wangu, yuko kwao Vugiri, milimani kwa Washambaa, tangu Pasaka. Aliondoka kwa sababu ya mizinga ya nyuki niliyoiweka chumbani (nje kuna wezi). Leo muuza mbatata ameniletea ujumbe wake. Siku ya mizani atashuka pamoja na baba yake. Akikuta nimefanya jambo moja, moja tu, likafika mwisho, atarudi nyumbani. Asipokuta, atachukua sufuria zake zilizobaki na ndiyo basi.

Nasema hapa wazi, kwa kuwa daftari halina mdomo: nimemkumbuka sana. Na sufuria pia nazihitaji.

Jumanne, 4 Agosti.

Nimeingia bwawani kukagua. Nimevuta chandarua mara saba. Perege wanne! Mkubwa wao ni kama kidole gumba. Nimeshangaa, maana Machi tulipewa vifaranga mia mbili mia mbili, mimi na Filemoni, sawasawa. Kweli nimeonja onja. Ijumaa kwa ajili ya dini, maana nyama hatuli, na siku nyingine za wiki kwa kujiandaa na Ijumaa. Lakini mtu mmoja ataonja kiasi gani?

Nimekwenda kwa Filemoni. Huyu ni Mnyamwezi, alikuja na manamba kukata mkonge, mkataba ukaisha akabaki. Bwawa lake limejaa samaki mpaka maji yanacheza. Nimemuuliza siri yake. Akasema anawalisha. Asubuhi pumba, jioni mchwa na majani ya mihogo. Kila siku.

Nimemtazama sana usoni. Anaficha kitu.

Alhamisi, 6 Agosti.

Nimepiga hesabu. Filemoni amelisha kidogo kidogo kwa miezi mitano. Chakula hichohicho kikiingia kwa siku moja, tofauti iko wapi? Mwenzangu amepoteza miezi mitano ya maisha yake.

Nimechukua machicha kwa mama mpika pombe wa kambi ya wakata mkonge, madebe sita. Nimemwaga yote. Nikaongeza samadi, matoroli mawili. Maji yamekuwa mazito kama uji wa mgonjwa.

Saa sita mchana, ushindi! Samaki wamekuja juu wote, kumbe ni wengi kuliko nilivyodhani, na midomo iko wazi. Wanaomba nyongeza. Nimewaongezea.

Ijumaa, 7 Agosti.

Wamekufa. Wote isipokuwa saba.

Filemoni alikuja mbio bila kuitwa, akazibua mfereji, akaingiza maji mapya, akawaokoa hao saba. Akasema samaki walikuwa wanatafuta pumzi, si chakula. Nikamwambia kwetu bwawa la mtu haliingiwi bila hodi. Akaomba radhi, matope yamemfika kifuani. Ana dharau ya chinichini, mtu huyu.

Leo ni Ijumaa, kwa hiyo waliokufa hawakupotea.

Lakini usiku kucha sikulala. Siku nane zimebaki na nina samaki saba. Bernadina hatarudi kwa ajili ya samaki saba.

Jumamosi, 8 Agosti.

Nimepata! Nimeamka nalo kichwani. Utani!

Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya mababu. Mtani huchukua kuku wako mchana kweupe, akakutukana juu yake, nawe unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako wote. Hakuna baraza litakalosikiliza kesi yako. Mimi ni Mzigua. Filemoni ni Mnyamwezi. Miezi yote hii nimeishi jirani na ghala langu mwenyewe bila kujua.

Nimekwenda saa tatu asubuhi na chandarua na debe. Kwanza nimeita watu washuhudie, asije mtu akasema ni wizi. Nimesimama ukingoni nikatangaza kwamba Wanyamwezi wamebeba pembe za ndovu kichwani mpaka akili zimebonyea, na mtu wa namna hiyo perege si chakula chake, apewe maboga. Watu wamecheka. Filemoni amecheka kuliko wote. Amenishikia debe. Amenionyesha hata pembe ya bwawa ambako wakubwa hujificha. Nimechukua arobaini.

Bi Mwatumu akaniuliza kama jambo hili nimelifikiria mpaka mwisho wake. Nimemjibu kwa heshima kwamba mawazo yangu, bibi, hayana mwisho.

Jumatatu, 10 Agosti.

Nimerudi tena. Filemoni hakuwepo, amekwenda Korogwe kutafuta pumba. Hapo pakawa na ugumu. Utani bila matusi ni wizi, na mimi si mwizi. Nimesimama ukingoni nikamtukana kwa sauti, peke yangu, nikasubiri kidogo kama anajibu, nikachukua sitini.

Jumatano, 12 Agosti.

Bwawa langu sasa linapendeza. Nakaa ukingoni saa nzima nikiwatazama. Nahisi nimewalea mwenyewe.

Nimemwandikia Bernadina, barua nimempa muuza mbatata. Nimemwambia avae khanga mpya. Nimemwambia baba yake atakaa kwenye kiti, si kwenye mkeka. Kisha nikakumbuka kwamba sina kiti. Nikaazima kwa Filemoni.

Amenipa. Akaniuliza tu kama Wanyamwezi wa kambini nao wamealikwa siku hiyo. Nikamwambia waje wote, bwawa langu halina siri. Akasema mwaliko ataufikisha mwenyewe. Mtu mwema kweli, huyu. Namwonea huruma atakavyoshindwa mbele ya watu wa kwao.

Jumamosi, 15 Agosti.

Nitaandika kwa ufupi.

Bernadina alifika saa nne. Khanga mpya! Sijapata kumwona mzuri namna ile, hata siku ya ndoa, maana siku ya ndoa nilikuwa na homa. Baba mkwe, Mzee Bonaventura, nilimpigia goti, shikamoo, marahaba, nikamweka kwenye kiti. Bwana Samaki akavua kofia, akafuta jasho, akasema tuanze na la Kasmiri, ndiye mimi. Abdi akatundika mizani.

Tukafungua mkondo. Maji yakashuka, yakashuka, halafu hao, perege! Mamia ya mapezi yakimetameta matopeni. (Walikuwa mia moja na saba.) Watu wakapiga makofi. Bwana Samaki akasema vizuri sana, kwa Kiswahili. Bernadina akanitazama, akatabasamu. Hilo nimelipata, liko moyoni, hakuna wa kuniondolea.

Ndipo nikasikia ngoma.

Wanyamwezi wa kambini walikuwa wanakuja wote, wanaume kwa wanawake, na matenga. Filemoni mbele. Akasimama ukingoni pangu akatangaza kwamba Wazigua ni watu wa nyika kavu, samaki akimwona Mzigua hufa kwa kiu, na wao kwa huruma tu wamekuja kuwaokoa hawa masikini kabla hawajafa. Kisha wakaingia bwawani wakiimba.

Bwana Samaki akauliza kama hii ni fujo na kama aite askari. Abdi akamweleza kwamba ni mila, haizuiliki, na mwenye mali hutakiwa kucheka. Wote wakanigeukia waone kama nacheka.

Nilicheka. Ningefanyaje? Jumamosi iliyopita nilikuwa nimewaita watu wote hawahawa kuwa mashahidi. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, ila machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko. Kisha nikaona perege mmoja mnene anapita karibu na mguu wangu, nikashindwa kuvumilia, nikamrukia. Nikateleza. Nikaanguka kifudifudi mbele ya kiti cha baba mkwe, na kaptula ikabaki nyuma kwenye matope.

Mkwe hatakiwi kuona hata paja la mkwewe. Mzee Bonaventura alisimama, akageuza kiti, akakaa akitazama Vugiri.

Kwenye mizani yangu walipanda samaki saba. Filemoni aliwaacha makusudi. Alimwambia Abdi kwamba hao saba ndio wa Kasmiri kwa haki, anawajua kwa udogo wao.

Wa Filemoni walipimwa mpaka Abdi akaomba maji ya kunywa.

Jumapili, 16 Agosti.

Filemoni ni mlinzi wa vifaranga. Baada ya misa ameanza kugawa. Wa kwanza Bi Mwatumu. Alipowaona wakiingia shimoni mwake alipiga kigelegele, akakaa chini akalia, akasema watoto wa marehemu binti yake sasa watakula kitoweo ambacho si mchicha. Nami nikapangusa macho. Vumbi.

Halafu Filemoni akamwita Bernadina. Si mimi, Bernadina! Akamkabidhi vifaranga mia moja. Abdi amefungua kitabu akaandika: Bwawa la Bernadina.

Nilidhani sasa atachukua sufuria. Hakuchukua. Alimweleza baba yake, mimi nikisikia, kwamba mfereji ni mzuri, shimo limechimbwa vizuri, maji yapo. Kibovu ni kimoja tu, na hicho anakijua tangu siku ya ndoa. Mzee Bonaventura akasema mtu mzima huchagua mzigo wake mwenyewe, akaenda kituoni bila kuniaga.

Amerudi! Ukitazama vizuri, mbinu yangu ilifaulu, ila ilipita njia ya mzunguko.

Ameniruhusu kubeba pumba. Kufikiri ameniomba nipumzike.

Ijumaa, 21 Agosti.

Nimebeba pumba siku tano mfululizo. Bernadina anawalisha mwenyewe, asubuhi na jioni, huku akiimba nyimbo za kwao. Jana aliniwekea kiporo bila kuombwa. Nina furaha. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha ya kukaa tu hivi.

Leo imekuja barua ya mjomba Sadala kutoka Handeni. Habari za mabwawa zimefika huko. Anasema watu wa kwao hawali samaki ila papa mkavu wa Tanga, mgumu kama ubao, na wakipata perege wabichi watamshukuru atakayewaletea mpaka kaburini. Anauliza kama namfahamu mtaalamu yeyote.

Nimeisoma mara nne. Mara ya nne nikaanza kufikiri, kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 24 Agosti. Handeni.

Nimefika salama na vifaranga hamsini.

Nilitoka alfajiri, Bernadina akiwa bado amelala. Nusu yake na nusu yangu, mke na mume ni kitu kimoja. Nimepanda lori la Ratilal, mwenye duka la Korogwe, ambaye kwa dini yake hali samaki wala hataki harufu yake ndani ya gari. Nilimwambia debe lina dawa ya ng'ombe. Kwa kuwa ng'ombe kwao ni mtakatifu, akaliamkia debe kwa heshima, akaniweka nyuma juu ya magunia ya chumvi.

Mjomba Sadala alinipokea na watu wake kumi na wawili, wote na majembe. Amenionyesha kiwanja. Kizuri mno, kiko juu, kina upepo. Wamechimba tangu asubuhi, na kwa jua hili udongo unatoa cheche. Mjomba akauliza maji yatatoka wapi. Nimemwambia asiwe mtu wa kutanguliza vikwazo. Kwanza bwawa. Maji ni jambo la vuli. Kwa sasa samaki wamo ndani ya mtungi wa kunywea wa mkewe, naye amenuna, lakini mwanzo wa maendeleo ni kununiwa.

Wameniita Bwana Mtaalamu. Wameniuliza kama mke wangu anajua niliko. Nikasema ananiamini.

Sasa hivi utingo wa basi la mchana amepita kuniuliza kama ndimi Kasmiri. Anasema Korogwe wamempakia mwanamke wa Kishambaa, amekaa mbele karibu na dereva, na mapajani ameshika mpini wa jembe. Mpini tu, jembe halimo. Ameshukia sokoni, anauliza njia ya kwa mzee Sadala.

Bernadina wangu! Amekuja kusaidia kuchimba. Jembe nitamwazimia kwa jirani.